Nani Ameshika Funguo za Kompyuta Yako?

Katika Milima ya Upare, wilayani Same, ndiva, yaani mabwawa madogo ya kienyeji ya kumwagilia, hujazwa maji usiku, na wakulima wenyewe huyagawana kwa zamu. Watumiaji wa Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, wanapigania haki ya kujiamulia namna hiyo kwenye mashine zao.

Mwaka 2019, Ubuntu 19.10, toleo la mfumo mmojawapo wa Linux, lilileta badiliko dogo lenye uzito: aliyeagiza kivinjari cha Chromium kwa apt, amri ya kawaida ya kuweka programu, alipewa snap, kifurushi cha aina nyingine kutoka duka linaloendeshwa na Canonical pekee, kampuni inayotengeneza Ubuntu. Linux Mint, iliyojengwa juu ya Ubuntu, ilikataa. Mint 20 ikaizuia snapd, programu inayoendesha snap, isiingie kimyakimya.

Canonical ina hoja: kwa snap, programu husasishwa haraka. Lakini mwenye mashine anastahili kuulizwa kwanza. Anayeitaka snap kwenye Mint hufuta faili moja tu, nosnap.pref, kisha huiweka mwenyewe.