Vitenzi Vikaidi Vina Sababu Zake

Mwalimu mmoja wa Kiswahili, anayefundisha katika shule ya upili isiyo mbali na mji wa Garsen, ameniandikia barua yenye swali ambalo naamini limewahi kuwakera walimu wengi. Anasema kwamba wanafunzi wake wa kidato cha pili wamembana. Wanataka kujua ni kwa nini husemwa "anakula", "alikula" na "atakula", lakini pindi nyakati zinapobadilika ile "ku" hutoweka na watu wakasema "akila", "akala" na "hula". Isitoshe, husemwa "fisi alikula nyama", lakini "fisi alimla mbuzi". Ku hiyo huja kwa amri ya nani, na huondoka kwa ruhusa ya nani? Mwalimu aliwajibu, "Ndivyo Kiswahili kilivyo." Wanafunzi walinyamaza, lakini yeye mwenyewe hakuridhika.

Nampongeza mwalimu huyo kwa kutoridhika kwake. Tena ningependa kumwonyesha kwamba sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya maneno yale yale aliyoyatumia kulikwepa swali. Tutalifikia jambo hilo baadaye kidogo.

Kwanza tukubaliane juu ya tatizo lenyewe. Lugha nyingi zina vitenzi vitiifu na vitenzi vikaidi. Kitenzi kitiifu, kama vile "soma", hufuata kanuni bila kusita: anasoma, alisoma, akisoma, husoma. Kitenzi kikaidi huonekana kana kwamba kina sheria zake cha peke yake. Katika Kiswahili, vikaidi mashuhuri ni vile vyenye mzizi wa silabi moja: -la, -fa, -ja, -nywa, -nya, -pa, -wa na vichache vinginevyo. Vitabu vingi vya sarufi huvitaja kwa mstari mmoja au miwili, vikasema kwamba vitenzi hivi "huchukua ku" katika baadhi ya nyakati, kisha vikaendelea na mengine. Mwanafunzi huachiwa orodha ya kukariri. Naye mwanafunzi anayekariri asichokielewa hukisahau siku ya pili baada ya mtihani.

Sababu ya kwanza iko katika mkazo. Neno la Kiswahili, ila kwa nadra, hutiwa mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Katika "anasoma" mkazo huangukia "so", ambayo ni sehemu ya mzizi. Sasa chukua mzizi "-la" uuambatishe moja kwa moja na "-na-". Utapata "anala", na mkazo utaangukia "na". Hapo ndipo penye mgogoro, kwa kuwa viambishi vya nyakati -na-, -li-, -ta- na -me- havibebi mkazo katika Kiswahili. Lugha huleta basi "ku" ije iubebe mzigo huo: anakula, alikula, atakula, amekula. Viambishi vingine, kama vile -ki- na -ka-, pamoja na hu- ya mazoea, vina nguvu ya kubeba mkazo. Havihitaji msaidizi. Ndiyo maana twasema akila, akala, hula.

Ukishaifahamu kanuni hii, mafumbo kadhaa hufumbuka kwa mara moja. Kwa nini "fisi alimla mbuzi", wala si "alimkula"? Kwa sababu kiambishi cha mtendwa, yaani "m", kinaweza kubeba mkazo, kwa hiyo "ku" haina kazi tena. Kwa nini "-pa" haichukui "ku" kamwe? Kwa sababu hapana kupa pasipo na mpewa: alinipa, anampa, tutawapa. Mpewa daima yumo ndani ya kitenzi, na ndiye anayebeba mkazo. Ile "ku" iliyomo katika "ninakupa" si msaidizi bali ni wewe msomaji unayepewa. Vilevile, "ku" ya "hakula" si ile ya "alikula". Hiyo ni ishara ya kukanusha wakati uliopita, ile ile tunayoiona katika "hakusoma".

Sababu ya pili ni ya kihistoria, nayo ndiyo inayotueleza ni kwa nini viambishi vile vinne havibebi mkazo. Hapo zamani havikuwa viambishi. Vilikuwa vitenzi, au sehemu za vitenzi, vilivyosimama mbele ya vitenzi vingine. Chukua "-ta-" ya wakati ujao. Asili yake ni "taka", na ushahidi haujafichika: geuza "atasoma" kuwa kirejeshi na utapata "atakayesoma". Ile "taka" nzima imechomoza tena. Chukua "-me-". Wanaisimu huihusisha na kitenzi cha kale chenye maana ya kumaliza. Na "-li-" ya wakati uliopita ni mzizi wa kale wa kitenzi cha kuwa, ambao bado u hai katika "aliye", "walio" na, naam, katika "ndivyo kilivyo". Mwalimu wetu alipowajibu wanafunzi wake kwa maneno hayo, alikuwa ameshika ufunguo mkononi huku akisema mlango haufunguki.

Kwa hiyo "alikula" ya leo ni "ali kula" ya jana, maneno mawili yaliyofungamana. "Ku" ilikuwa pale tangu mwanzo, kwa vitenzi vyote. Vitenzi virefu viliiangusha njiani kwa kuwa havikuihitaji. Vifupi viliing'ang'ania kwa kuwa bila hiyo mkazo ungekosa pa kukaa. Wale tunaowaita wakaidi, kumbe, ndio waliohifadhi desturi ya wazee; watiifu ndio walioiacha. Navyo "kwenda" na "kwisha" viko katikati ya safari: wengine husema "amekwenda" na "amekwisha", wengine "ameenda" na "ameisha". Mizizi yao ina silabi mbili na haihitaji msaada, lakini mazoea hayajawaachia kabisa.

Wakazi wa Garsen wataielewa hali hii upesi kwa kuutazama mto wao. Tana umebadilisha mkondo mara nyingi katika nyanda zile za chini, ukaacha nyuma yake mikondo mikavu na maziwa yaliyopinda. Mgeni akiyaona maziwa hayo pasipo na mto atayadhania ni kioja. Mwenyeji anajua kwamba mto ulipita hapo. Hata maji yanayoingia baharini leo karibu na Kipini yanafuata mfereji wa Belezoni, uliochimbwa na binadamu katika karne ya 19 kuuunganisha Tana na Ozi. Kitenzi kikaidi ni mkondo wa zamani ambao lugha imeuhama.

Msomaji asidhani kwamba hii ni dosari ya Kiswahili peke yake. Wanafunzi wetu wa vyuo vikuu wanaojifunza Kihispania hulalamika mno juu ya kitenzi "ir", yaani kwenda. Wakati uliopo ni "voy", yaani ninakwenda. Mazoea ya zamani ni "iba", yaani nilikuwa nikienda. Tendo lililopita na kuisha ni "fui", yaani nilikwenda. Maumbo matatu yasiyofanana hata kidogo! Sababu ni kwamba vitenzi vitatu vya Kilatini vilikutana katika kitenzi kimoja, kila kimoja kikachukua nyakati zake. Tena "fui" hiyo hiyo ina maana ya "nilikuwa", kwa kuwa kitenzi "ser", yaani kuwa, kinaitumia pia. Mhispania hatatiziki, muktadha humweleza kama mtu alikwenda au alikuwa. Nasi tutazame kitenzi chetu cha kuwa kabla ya kuwacheka Wahispania: mimi ni, mimi si, nilikuwa, nitakuwa, niwe, niliye. "Ni" haina hata kiambishi cha nafsi. Mgeni anayejifunza Kiswahili hushika kichwa kama sisi tunavyokishika mbele ya "fui".

Mbona basi ukaidi huu huvipata vitenzi vya kula, kufa, kuja, kwenda na kuwa, wala hauvipati vya kupima au kupaka? Kwa sababu vya kwanza hutamkwa kila saa, na mtoto huvisikia kabla hajajua kutembea. Umbo linalosikika mara nyingi hukaa akilini kama lilivyo, hata kama halilingani na kanuni. Umbo linalosikika kwa nadra husahauliwa, na kizazi kipya hulitengeneza upya kwa kufuata kanuni. Waingereza waliwahi kusema "holp" kwa maana ya "alisaidia". Leo husema "helped", lakini "went" imebaki imara.

Narejea Tana River, kwa maana huko kuna darasa bora la isimu kuliko langu la chuoni. Katika dawati moja la shule ya Garsen aweza kuketi mtoto wa Kipokomo, wa Kiorma, wa Kiwardei na wa Kigiriama. Kipokomo na Kigiriama ni ndugu wa damu wa Kiswahili. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha mwaka 1993, waliziweka lugha hizi katika kundi moja waliloliita Sabaki, pamoja na Kingazija na jamaa zake wa visiwani na Kielwana cha juu ya mto. Kiorma ni tawi la Kioromo, lugha ya ukoo wa Kikushi, na nafsi hutajwa mwishoni mwa kitenzi. Kwa Kioromo "dhufe" ni alikuja, "dhufne" ni tulikuja. Mtoto aliyezoea kusikiliza mwisho wa kitenzi anapoletewa lugha inayoanza na nafsi, wakati na mtendwa, kisha mzizi, hana budi kugeuza sikio lake. Akiandika "alimkula" si mvivu. Ameshika kanuni moja, bado nyingine.

Tazama sasa jambo la ajabu. Kwa Kioromo, kuja ni "dhufuu", lakini ukimwita mtu husemi neno la mzizi huo. Husema "koottu". Kisomali nacho kina "yimid", alikuja, lakini amri ni "kaalay". Waarabu wana "jaa" kwa aliyekuja, na "taala" kwa anayeitwa. Nasi Waswahili? Kitenzi ni kuja, lakini amri si "kuja!" wala "ja!" bali ni "njoo", au "ndoo" kwa Mwamu, na Mgiriama husema "ndzoo". Lugha za koo mbalimbali zimekuwa kaidi katika neno lile lile. Wanaisimu wameyakuta hayo katika lugha nyingi duniani, na si vigumu kuona sababu: "njoo" ni miongoni mwa maneno ya kwanza kabisa ambayo mama humwambia mwanawe.

Na hilo "yimid" la Kisomali lina kisa chake. Vitenzi karibu vyote vya Kisomali hutaja nafsi mwishoni, lakini hiki pamoja na vichache mno huitaja mwanzoni: imid, timid, yimid, nimid. Ni masalio ya utaratibu wa kale wa ukoo mzima. Kwa mara nyingine tena, mkaidi ndiye mtunza kumbukumbu.

Yapo mafunzo gani kwa mwalimu? La kwanza, kosa la mwanafunzi lisahihishwe, kwa kuwa mtihani wa taifa hausamehe, lakini lisahihishwe kwa sababu. Andika ubaoni safu mbili: upande mmoja -na-, -li-, -ta-, -me-, upande wa pili -ki-, -ka-, hu-. Waache wanafunzi watamke kwa sauti na wapige kofi penye mkazo. Kanuni wataigundua wenyewe. La pili, waulize wanafunzi, kila mmoja kwa lugha ya nyumbani kwao, watu husemaje "alikula", "akila", "njoo" na "nenda". Ziandike zote kwa heshima sawa. Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na papo hapo inaitaka serikali ikuze na kulinda lugha za kiasili. Ibara hiyo haina nguvu isipofika ubaoni.

Nasema haya nikijua historia ya karibuni ya eneo hilo. Kati ya Agosti 2012 na mwanzo wa 2013, zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano baina ya Wapokomo na Waorma kwenye delta ya Tana. Sarufi haigawi malisho wala haichimbi visima, na sitadai kwamba kitenzi kinaweza kupatanisha wakulima na wafugaji. Lakini mtoto anayegundua kwamba lugha ya jirani yake ina utaratibu, ina kumbukumbu, na hata ina ukaidi unaofanana na wa lugha yake, hataamini kwa wepesi atakapoambiwa kwamba jirani huyo hana akili.

Wahenga walisema, asiyejua maana haambiwi maana. Mwalimu hapaswi kuishi kwa methali hiyo, kwa kuwa kazi aliyoajiriwa kuifanya ni kumwambia maana yule asiyeijua. Mwanafunzi akiuliza kwa nini, neno "ndivyo kilivyo" liwe mwanzo wa somo, wala lisiwe mwisho wake.