Mtafiti wa ubongo akija mlangoni kwako

Huenda siku moja kijana mwenye fomu mkononi atafika kwenye makazi yenu na kusema anasomea shahada ya uzamili katika sayansi ya ubongo na mishipa ya fahamu. Ataomba kuzungumza nawe kuhusu mtoto wako mwenye kifafa, au kukutazama unavyotembea. Ni haki yako kujiuliza anatafuta nini.

Chukua mfano wa konzo, ugonjwa ambao baadhi yenu mliotoka Kongo mnaujua. Dk. Giovanni Trolli aliueleza mwaka 1938 huko Kwango. Jina ni la Kiyaka, maana yake miguu iliyofungwa. Miguu yote miwili hukakamaa ghafla na haiponi. Huwapata zaidi watoto na wanawake. Msumbiji mwaka 1981, wakati wa ukame, zaidi ya watu 1,000 walipatwa katika mkoa wa Nampula.

Wengine walisema ni ulozi. Watafiti walipopima unga na mkojo, walikuta sianidi, sumu iliyomo kwenye muhogo mchungu. Njaa inapobana, watu hawalowekei muhogo siku za kutosha, na chakula chenye protini kinakosekana. Mwili unahitaji protini hiyo ili kuiondoa sumu. Baadaye, watafiti akiwemo Mkongo Désiré Tshala-Katumbay waliwapima watoto wa Kahemba kumbukumbu na uwezo wa kujifunza. Hata watoto waliotembea vizuri, ila wakiishi kwenye maeneo yenye konzo, walikuwa nyuma ya wenzao wa maeneo yasiyo na konzo. Kwangu hilo ndilo zito kuliko yote, kwa sababu mtoto huyo hakuna anayempeleka kliniki.

Kutokana na kazi hiyo kuna jambo unaloweza kufanya leo. Changanya unga wa muhogo na maji, utandaze tabaka jembamba lisilozidi sentimita 1, uache juani saa 2 au kivulini saa 5. Sumu hutoka kama hewa. Pika ugali siku hiyo hiyo. Njia hii haiondoi haja ya kuloweka muhogo wenyewe.

Sasa kuhusu yule kijana. Nchini Uganda utafiti juu ya watu lazima upitishwe na kamati ya maadili na kusajiliwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Ndani ya makazi anahitaji pia kibali cha Ofisi ya Waziri Mkuu. Mwombe akuonyeshe barua. Akueleze kwa lugha unayoielewa, na akuachie nakala ya fomu yenye simu ya kamati. Akichukua damu, uliza inapelekwa wapi na kama utarudishiwa majibu. Unaweza kukataa, au kuacha katikati. Mgao wako wa chakula haukatwi kwa hilo. Na utafiti si matibabu: mtoto wako asiache dawa za kifafa kwa kuwa kuna mtu amekuja kumpima.

Je, wewe mwenye digrii ya tiba, biolojia, famasia au saikolojia unaweza kuifanya kazi hii? Ndiyo. Kuna vyuo vya Makerere na Mbarara. Chuo cha KIU, kule Ishaka, kilipokea mwaka 2011 mafunzo ya shirika la TReND, ambapo wanafunzi walijifunza ubongo kwa kutumia nzi wadogo wa matunda. Usitegemee ufadhili wa DAFI, kwani umelenga digrii ya kwanza. Wakati mwingine karo ya uzamili hutoka kwenye mradi wa profesa, hivyo muulize yeye kabla ya kulipia fomu. Njia nyingine ni kuanza kama mkalimani wa mradi, kwa maana mtafiti asiyejua Kibembe au Kinyarwanda hawezi kumhoji mama yeyote bila wewe.

Digrii ya nje hulinganishwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, na cheti cha sekondari na UNEB. Kama karatasi zilibaki Uvira au Bunia, anza kuzifuatilia sasa, miezi mingi kabla ya tarehe ya maombi.