Kwa nini kitabu cha magauni ya Dior kinauzwa karibu dola 200?

Kinaitwa *Dior by Christian Dior*. Kilitolewa mwaka 2016 na kampuni ya Assouline, kina kurasa zaidi ya 500 na kinakaa ndani ya kasha lake. Ukikitaka, andaa karibu dola 200 za Marekani. Hiyo ni bei ya picha tu, gauni lenyewe haligusiki!

Sasa kwa nini picha za nguo ziwe ghali hivyo? Jibu liko kwenye nguo zenyewe.

Miaka 10 tu

Dior alizaliwa Granville, Ufaransa, mwaka 1905. Alifungua nyumba yake ya mitindo jijini Paris mwishoni mwa 1946, kwa fedha za tajiri wa vitambaa Marcel Boussac. Onyesho lake la kwanza lilikuwa Februari 12, 1947.

Oktoba 1957 akafariki ghafla, akiwa na miaka 52. Yaani jina unaloliona leo kwenye manukato na mikoba, mwenyewe alilitumikia miaka 10 tu. Nguo alizobuni kwa mkono wake haziongezeki tena.

Vazi lililozua ugomvi

Vazi lake maarufu zaidi ni Bar: koti la hariri lenye weupe wa maziwa, limebana kiuno, na sketi pana nyeusi ya marinda. Carmel Snow, mhariri wa jarida la Harper's Bazaar la Marekani, ndiye aliyeupa mtindo huo jina la New Look.

Lakini si wote walifurahi. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimeisha juzi tu, na Uingereza nguo bado zilikuwa za mgao. Halafu anatokea mtu anamaliza zaidi ya mita 10 za kitambaa kwa gauni moja! Mwaka huohuo wa 1947, katika mtaa wa Lepic jijini Paris, wanawake waliwavamia wanamitindo waliokuwa wakipigwa picha na kuwachania nguo.

Hariri haipendi mwanga

Nguo zilizobaki zimetawanyika kwenye makumbusho ya nchi tofauti. Na hata huko hazionyeshwi muda wote. Hariri ikikaa sana kwenye mwanga hupauka na kukatika. Gauni zito lenye nakshi likining'inizwa, uzito wake wenyewe hulivuta na kulichana, hivyo hulazwa ndani ya boksi, gizani.

Ndiyo maana kazi ya mpigapicha Laziz Hamani ina uzito. Alizipiga picha nguo hizo zilikohifadhiwa, kwa ukaribu kiasi cha kuonekana mshono na ufumaji wa kitambaa. Mtu anayesoma ushonaji anapata kuona kwa pamoja kile ambacho angezunguka nchi kadhaa kukitafuta, na pengine akakuta kimefungiwa stoo.

Huna dola 200?

Usijali. Makumbusho ya Met ya New York yana vazi la Bar pamoja na Junon, gauni la mwaka 1949 lenye sketi ya vipande kama petali za ua. Picha zake ziko kwenye tovuti yao, na unaziona bure kwa simu yako.