Mkaa wa Kentridge haufutiki wote

Msanii wa Afrika Kusini William Kentridge huchora kwa mkaa, huiendea kamera akapiga picha moja au mbili, hurudi kwenye karatasi akafuta kidogo na kuchora upya, kisha huiendea kamera tena. Hana hadithi iliyoandikwa kabla. Huipata humohumo katika kwenda na kurudi. Filamu ikichezwa, mtu hutembea huku nyuma yake pakibaki ukungu wa kijivu, pale alipokuwa.

Huo ukungu ndio siasa yake. Alizaliwa Johannesburg mwaka 1955. Baba yake, Sydney, alikuwa miongoni mwa mawakili wa Nelson Mandela katika Kesi ya Uhaini. Akiwa na umri wa miaka sita hivi, William alifungua boksi katika chumba cha kazi cha baba, akidhani ni chokoleti. Akakuta picha za maiti wa Sharpeville, ambako polisi waliwaua watu 69 mwaka 1960. Katika "Felix in Exile" ya 1994, miili ya waliouawa hufunikwa kwa magazeti, kisha ardhi huimeza. Uchaguzi wa kwanza wa watu wote ulikuwa mlangoni, naye aliwachora wale ambao hawangeufikia.

Jukwaa nalo lilimfunza. Aliigiza na kundi la Junction Avenue, akaenda Paris kusoma kwa mwalimu wa maigizo Jacques Lecoq, ambako mwili hutangulia maneno. Matunda ya mafunzo hayo nayaona zaidi katika "Ubu and the Truth Commission" ya 1997, aliyoitayarisha na kundi la vikaragosi la Handspring kwa maandishi ya Jane Taylor. Ushahidi uliotolewa mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini husemwa na vikaragosi, na wanaovichezesha wanaonekana waziwazi. Mwigizaji angelia machozi ya mama aliyefiwa kana kwamba ni yake. Kikaragosi hakidai uchungu wa mtu. Nyuma yao michoro hutembea ukutani, ikionyesha yale ambayo wauaji hawataki kuyasema. Sijui heshima kubwa zaidi ambayo sanaa imewapa mashahidi wale.

Mwaka 2018, Tate Modern ya London ilionyesha "The Head & the Load", kuhusu Waafrika waliobebeshwa mizigo ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Wanamuziki na waigizaji huandamana na vichwa vyao vikiwa vimeelemewa, na vivuli vyao hujaa ukuta mzima. Wapagazi wa vita hivyo walipiga kambi Kariakoo, Dar es Salaam. Onyesho hilo lingeletwa huko, lichezwe mbele ya wajukuu wao.