Bei ya kuhama chama: hesabu za Tabora

Jumapili ya tarehe 2 Oktoba 2011, jimbo la Igunga mkoani Tabora lilipiga kura kuziba nafasi ya Rostam Aziz, aliyekuwa amejiuzulu miezi michache kabla akisema amechoshwa na siasa uchwara. Dk. Dalaly Peter Kafumu wa CCM alipata kura 26,484. Joseph Kashindye wa CHADEMA akapata 23,260. Wa tatu, Leopold Mahona wa CUF, akaambulia 2,104, na vyama vitano vilivyobaki vikagawana 639. Tofauti ya wawili wa juu ilikuwa kura 3,224, katika jimbo ambalo CCM ilizoea kulihesabu kuwa lake kabla sanduku halijafunguliwa.

Tuzichambue tarakimu hizo polepole, maana ndani yake mna jibu la swali ambalo wana-CCM wengi wa mkoa huu wamejiuliza kimyakimya: nikikichoka chama changu, nikiona kinabana mno watu kusema na kukusanyika, nihamie wapi, na itanigharimu nini?

Ukijumlisha kura zote za upinzani Igunga unapata 26,003. Hata wangesimama nyuma ya mgombea mmoja, wangepungukiwa kura 481. Kura zilizoharibika peke yake zilikuwa 1,185. Na sasa tarakimu kubwa kuliko zote: daftari lilikuwa na majina 171,019, waliopiga kura ni 53,672. Majina 117,347 hayakutokea. Sawa, daftari lina marehemu na waliohama, lakini hata ukikata theluthi nzima kwa ajili yao, chama kikubwa kuliko vyote Igunga siku hiyo kilikuwa cha waliobaki nyumbani. Dk. Kafumu aliingia bungeni kwa ridhaa ya asilimia 15.5 ya walioandikishwa.

Hapo ndipo hesabu ya anayetaka kuondoka inapoanzia. Mwana-CCM aliyekerwa ana njia tatu. Akikaa nyumbani, CCM inapoteza kura moja. Akimpa mgombea wa chama cha tatu, CCM inapoteza kura ileile moja, kwa sababu pengo kati ya wa kwanza na wa pili linapungua kwa moja tu. Akimpa wa pili, pengo linapungua kwa mbili: moja imetoka huku, moja imeingia kule. Kwa Igunga, wapiga kura 1,613 wa Dk. Kafumu wangetosha kumpa CHADEMA jimbo kama wangehamia huko moja kwa moja. Kama wangeamua kumpa Mahona wa CUF, ingebidi wawe 3,225, na faida bado ingekwenda kwa Kashindye, siyo kwa huyo waliyempigia.

Kwa hiyo kwa macho ya mshindi, kura ya chama cha tatu na usingizi wa Jumapili vina uzito sawa. Kinachovitofautisha ni kumbukumbu: ile ya kwanza inaandikwa kwenye fomu ya matokeo, huu wa pili hauandikwi popote.

Watu wa Tabora si wageni wa hesabu hii. Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake hapa mjini kuamua kama iingie uchaguzi wa kura tatu. Masharti yalikuwa ya kuudhi. Kwanza, aliyeruhusiwa kupiga kura alitakiwa awe na kiwango fulani cha kipato, elimu au wadhifa. Pili, akishafika kituoni alilazimika kuchagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Ukimweka alama Mwafrika peke yake, karatasi yako imeharibika. Nyerere alishawishi mkutano ukubali. Zuberi Mtemvu akakataa, akatoka na kuanzisha African National Congress. Mwaka 1962 akagombea urais dhidi ya Nyerere: kura 21,276 kwa 1,127,978. Asilimia 1.85.

Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, iliyompa Rais uwezo wa kumfungia mtu bila kumfikisha mahakamani. Kasanga Tumbo, kiongozi wa wafanyakazi wa reli aliyekuwa amepelekwa London kuwa balozi, alijiuzulu na kuanzisha chama chake, PDP. Mwaka 1964 alikuwa kizuizini. Hiyo ni bei ambayo haiingii kwenye asilimia. Chifu Abdallah Said Fundikira wa Unyanyembe, aliyekuwa Waziri wa Sheria katika miaka ya mwanzo ya uhuru, alijiuzulu uwaziri mwaka 1963. Mtu wa ukoo wa watemi, aliyelelewa kwenye utawala, huwezi kumwita mwanamapinduzi. Ni mhafidhina hasa, na ndiyo maana safari yake inatufaa hapa.

Tume ya Jaji Francis Nyalali ya 1991 ilipopita kuuliza maoni, takribani asilimia 80 ya waliojitokeza walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, na ikaorodhesha sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa kwa kuwa zinakandamiza, ile ya kizuizini ikiwamo. Vyama viliruhusiwa 1992, sheria nyingi zikabaki. Fundikira akaongoza chama cha UMD. Katika uchaguzi wa wabunge wa 1995 UMD ilipata kura 41,257 nchi nzima, chini ya asilimia moja. Kizingiti cha kupewa viti maalumu ni asilimia tano. Hatimaye chifu alirudi CCM.

Lakini mtoto wa Tabora aliyetupa mfululizo mzuri zaidi wa takwimu ni Profesa Ibrahim Lipumba, mzaliwa wa Ilolangulu. Chama chake, CUF, kilijitambulisha kwa kaulimbiu ya haki sawa kwa wote. Mwaka 1995 alipogombea urais alipata kura 418,973. Mwaka 2000 zikapanda hadi 1,329,077, asilimia 16.26, akashika nafasi ya pili. Mwaka 2005 alipata 1,327,125. Tazama hizo mbili za mwisho: alipoteza kura 1,952 tu, idadi ya kata moja, lakini asilimia yake ikaporomoka hadi 11.68. Watu wake hawakumkimbia. Kilichotokea ni kwamba kura halali ziliongezeka kwa zaidi ya milioni tatu, na zote, kwa maana ya hesabu, zilikwenda kwa wengine. Mwaka 2010 Dk. Slaa wa CHADEMA akachukua nafasi ya pili kwa kura 2,271,941 na Lipumba akashuka hadi 695,667. Alipogombea tena 2020 alipata 72,885.

Ngazi hiyo inafundisha kitu ambacho wachambuzi wetu wengi wanakiruka wakikimbilia ubora wa mgombea. Lipumba wa 2010 hakuwa mchumi dhaifu kuliko Lipumba wa 2000. Alichopoteza ni nafasi ya pili. Mpiga kura anayetaka kura yake ipunguze pengo kwa mbili humfuata aliye wa pili, awe nani.

Ushahidi mkali zaidi ni wa watu wawili waliofanana mno. Edward Lowassa alikuwa waziri mkuu wa CCM, Bernard Membe alikuwa waziri wa mambo ya nje wa CCM. Wote waliutaka urais kupitia CCM mwaka 2015, wote wakakatwa. Lowassa alihamia CHADEMA mwaka huohuo, akabebwa na UKAWA, umoja wa vyama vinne, akapata kura 6,072,848, karibu asilimia 40. Membe alifukuzwa CCM mwaka 2020, akaenda ACT-Wazalendo, akapata 81,129. Kwa kila kura moja ya Membe, Lowassa alipata 75. Tofauti haikuwa haiba. Mmoja aliingia chama cha pili kilichokwisha kuungana na wengine. Mwenzake aliingia cha tatu, ambacho viongozi wake wenyewe mwishoni walimpigia debe Tundu Lissu wa CHADEMA. Lowassa alirudi CCM 2019, Membe 2022. Kama Fundikira.

Wafanyabiashara wa njia ya Bagamoyo, Tabora hadi Ujiji wangeielewa hali hii bila kuchorewa jedwali. Hongo, yaani ushuru wa kupita, ilitozwa karibu kila penye mtawala, na msafara mdogo haukuweza kuibeba peke yake, hivyo wenye mizigo michache walisubiri ule mkubwa wakaandamana nao.

Hongo ya siasa za sasa imeandikwa kwenye sheria, na inashangaza ilivyo ndogo penye shilingi na kubwa penye mengine. Dhamana ya mgombea urais imekuwa shilingi milioni moja, ya ubunge kwa miaka mingi ilikuwa 50,000. Fomu ya kuomba ubunge ndani ya CCM mwaka 2025 ilikuwa 500,000, mara kumi ya hiyo dhamana. Mtu asikudanganye kwamba fedha ya fomu ndiyo inayowazuia watu kuhama. Kinachozuia, kwa anayetaka urais, ni wadhamini 200 katika kila mkoa, mikoa isiyopungua kumi, miwili kati yake Zanzibar, nauli na malazi juu yako. Kinachozuia zaidi ni Ibara ya 71 ya Katiba: mbunge akiacha chama kilichomdhamini, ameacha na kiti. Mbunge wa CCM anayekerwa na sheria fulani anaweza kunung'unika au kuondoka, na kuondoka kunagharimu jimbo zima siku hiyohiyo.

Kungekuwa na mgombea binafsi, bei ingeshuka. Mchungaji Christopher Mtikila aliipigania haki hiyo tangu 1993, akashinda Mahakama Kuu, akashindwa Mahakama ya Rufani 2010, akashinda tena mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha mwezi Juni 2013. Sheria haikubadilika. Mwaka 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu wananchi wake kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Kenya, jirani, imekubali wagombea binafsi katika Katiba yake ya 2010, na kila uchaguzi wanapatikana wabunge wa namna hiyo.

Marekani nako waliwahi kulijaribu jambo hili la kuhamia chama cha tatu kwa bei ya wazi. Mwaka 2016 Gary Johnson, gavana wa zamani wa New Mexico kwa tiketi ya Republican, aligombea kupitia chama cha Libertarian, akiwavuta wahafidhina waliojali uhuru wa mtu dhidi ya serikali. Kura zake zilikuwa 4,489,341, asilimia 3.28. Wajumbe wa kumchagua rais aliopata: sifuri.

Je, kuna mahali chama cha tatu kimelipa? Kaliua, mwaka 2015. Magdalena Sakaya wa CUF alimwangusha Profesa Juma Kapuya, waziri wa miaka mingi, na kuwa mbunge pekee wa upinzani kati ya majimbo 12 ya mkoa. CUF kitaifa ilikuwa ya tatu, lakini pale Kaliua ndiyo iliyoshindana na CCM, kisha ikawa ya kwanza. Sakaya alikuwa ametumia viti maalumu kujijenga kabla ya kuwania jimbo, na hapa ndipo ninapoona thamani halisi ya ile asilimia tano: haibadilishi serikali, lakini inamlipia mtu mmoja mafuta na muda wa kuzunguka vijiji vya wakulima wa tumbaku kwa miaka kadhaa. Halafu zikaja gharama nyingine. Kuanzia 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, hadi Rais Samia alipoifungulia tarehe 3 Januari 2023. Miaka sita na nusu. Chama kikongwe chenye balozi wa nyumba kumi na ofisi kila kata kinaweza kuishi bila mkutano wa hadhara. Chama chenye mbunge mmoja mkoa mzima hakiwezi. Marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2019 yakamwongezea Msajili meno, na Mahakama ya Afrika Mashariki ikasema mwaka 2022 kwamba baadhi ya vifungu vinakiuka mkataba wa jumuiya. CUF yenyewe ilikuwa imepasuka kati ya Lipumba na katibu mkuu wake, Maalim Seif. Mwaka 2020 Kaliua ilirudi CCM.

Ukifika 2025, kikokotoo kinagoma. Luhaga Mpina, mbunge wa CCM wa Kisesa tangu 2005 na waziri wa zamani, alihamia ACT-Wazalendo mwezi Agosti kugombea urais, akaenguliwa. CHADEMA haikuwamo, na Lissu alikuwa mahabusu kwa shtaka la uhaini. Karatasi ilikuwa na wagombea 17. Intaneti ilizimwa siku ya kura, 29 Oktoba, na watu walikufa katika vurugu zilizoanza siku hiyo. Tume ilimtangaza Rais Samia mshindi kwa kura 31,913,866, asilimia 97.66, nusu asilimia tu chini ya Nyerere wa 1962, na mahudhurio ya karibu asilimia 87. Waangalizi wa SADC na wa Umoja wa Afrika walisema uchaguzi haukufikia viwango. Siwezi kuziweka tarakimu hizo kwenye mizani moja na za Igunga, ambako mawakala wa vyama vyote vikubwa walikaa chumba kimoja na matokeo yakaweza kupelekwa Mahakama Kuu hapa Tabora, yakabatilishwa 2012, kisha yakarudishwa na Mahakama ya Rufani. Mwana-CCM wa Nzega aliyekuwa tayari kulipa bei yote ya kuhama mwaka 2025, aliyetaka kura yake ipunguze pengo kwa mbili, alikuta wa pili hayumo kwenye karatasi.