Gharama Isiyoandikwa Kwenye Risiti

Tuseme mama wa Kebirigo, Nyamira, ameshikwa na homa isiyoshuka. Zahanati inamwandikia rufaa ya kwenda hospitali kuu ya Kisii. Binti yake anaacha kuchuma chai ili amsindikize. Wanapanda boda hadi stegi, kisha matatu, na kwa siku tatu binti ananunua kila mlo mjini. Risiti itaonyesha vipimo, dawa na kitanda. Nauli haimo, wala majani mabichi yaliyokomaa shambani bila mchumaji.

Mwanafunzi wa uchumi wa afya huanzia hapo risiti inapoishia. Hujifunza takwimu, mwenendo wa magonjwa na nadharia ya bima, kisha anajumlisha hasara yote ya kaya. Shirika la Afya Duniani lina kipimo chake: matibabu yakimeza asilimia 40 au zaidi ya uwezo wa kaya baada ya mahitaji ya msingi kama chakula, hayo ni matumizi ya kuangamiza. Kwetu Gusii ndipo ng'ombe huuzwa na mchango huitishwa.

Mchango umeokoa wengi, ila pesa zake hutafutwa mgonjwa akiwa tayari kitandani. Bima hukusanya mapema, kwa wazima na wagonjwa pamoja. Mwaka 1963, Kenneth Arrow, mwanauchumi Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1972, alieleza kwa nini matibabu hayauzwi kama bidhaa nyingine. Sokoni Daraja Mbili mnunuzi huugeuza mkungu wa ndizi, akakataa bei, akaenda kwa muuzaji wa pili. Mbele ya daktari, mgonjwa hana ujuzi huo wala muda.

Hapa Kenya, tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) imechukua nafasi ya mfuko wa zamani wa bima ya hospitali, NHIF. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi. Mkulima hukadiriwa kipato chake, kima cha chini kikiwa Sh300 kwa mwezi, lakini kanuni zilimtaka alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo: angalau Sh3,600. Chai hulipa kidogo kila mwezi, bonasi ikaja karibu Oktoba. Sh3,600 za Oktoba na zile za Januari, karo ikidaiwa, ni mizigo miwili tofauti kabisa. Mimi naona hapa ndipo bima ya vijijini hukwama. Mkulima akingoja mpaka augue ndipo alipe, mfuko hubaki na wagonjwa peke yao, na hakuna mfuko unaostahimili hilo.

Afya imekuwa mikononi mwa kaunti tangu 2013, na bajeti yake hupitishwa Kisii na Nyamira kwenyewe. Kijana unayechagua kozi mwaka huu, kama unapenda hesabu na watu wako wanakuuma moyoni, soma uchumi wa afya. Kisha rudi nyumbani, uketi bajeti inaposomwa, uulize nauli ya yule mama imehesabiwa wapi.