Kiwavi Usiyemjua Wakati wa Baridi: Mtazame Kabla ya Kumgusa

Ndugu mkaazi wa Dzaleka, miezi hii ya Juni na Julai, baridi ya Dowa inapokuwa kali, akina mama wanatuuliza kuhusu mdudu mwenye manyoya anayeonekana asubuhi ukutani au kwenye shina la mti. Wengine wanadhani ni nyoka mdogo, wengine wanasema ametumwa.

Huyo ni kiwavi, yaani mtoto wa nondo au kipepeo. Mbele ana jozi 3 za miguu midogo yenye ncha, na nyuma ana miguu minene ya nyama, isiyozidi jozi 5. Baridi humfanya mzito, hivyo hutulia juani, na mtoto humwokota kwa urahisi.

Viwavi wako aina nyingi sana, kwa hiyo usisumbukie jina. Angalia mwili. Mwenye manyoya mengi au miiba usimguse, hata awe na rangi nzuri namna gani. Manyoya yake hukatika, hujichoma kwenye ngozi na kuwasha. Aliyekufa naye huwasha, hata gamba alilojivua. Wako wanaoishi kundi zima ndani ya mfuko wa nyuzi juu ya mti na kutembea kwa msururu. Mfuko huo watoto wasiuchokonoe. Blanketi pia usilianike kwenye mti au ua wenye viwavi.

Akikugusa, usijikune. Bandika plasta juu ya ngozi na kuibandua, ili ing'oe manyoya. Rudia kwa kipande kipya. Kisha osha kwa maji na sabuni, badili nguo, weka kitambaa cha maji baridi. Yakiingia jichoni, usifikiche: suuza kwa maji safi mengi, uende kliniki siku hiyo hiyo. Uso ukivimba au mtu akipumua kwa shida, akimbizwe mara moja, hata usiku.

Sasa sisi tuliotoka Kongo. Viwavi tunakula, na ni chakula chenye protini nyingi. Lakini kule wazee walimjua kila mmoja kwa mti wake na msimu wake. Huyu wa ukutani usimtie sufuriani kwa sababu tu anafanana na wa nyumbani.

Ukitaka tumtazame pamoja, msukumie kwa kijiti ndani ya chupa, tia na jani la mti ulipomkuta, funga, umletee mhudumu wa afya wa mtaa wako.